Jibu la mkaguzi: Subaru yangu imerudishwa kwa sababu ya bodi, nianzie wapi?

Swali: Shikamoo mzee. Niko Moshi, nina Subaru Impreza WRX ya 1997 niliyoinunua ikiwa na roli keji (fremu ya mabomba ya kukinga waliomo ndani) tayari. Nashindana mbio za klabu tu, mdhamini sina. Mwezi uliopita nilifika kwenye ukaguzi nikarudishwa. Boneti ya faiba niliyoikuta kwenye gari wamesema haikubaliki katika daraja nililojiandikishia, yaani Kundi N. Tairi za nyuma zimetoka nje ya fenda. Na madigadi, yale ya kuning'inia nyuma ya tairi, wamesema "hayakidhi" bila kunieleza zaidi. Fundi wangu wa bodi anasema tuongeze fenda kwa bati, tujaze bodi fila, tupige rangi, basi. Nina wiki sita kabla ya mbio zinazofuata. Nifanye nini, na nifanyeje nisiwe mtu wa kurudishwa kila mara?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kabla ya yote mwambie fundi wako aweke grenda chini. Hiyo kazi ya kuongeza fenda ndiyo itakayokurudisha nyumbani mara ya pili, na safari hiyo utakuwa umeshalipia rangi.

Nimekagua magari ya mbio kwa miaka mingi, na kabla ya hapo nilikuwa upande wako wa meza, nikitokwa jasho huku mtu mwenye tepu ya kupimia akizunguka gari langu bila kusema neno. Kosa ninaloliona zaidi kwa vijana si uzembe. Ni kusoma kanuni kichwa chini miguu juu. Mtu anakuja na swali: "Wapi imeandikwa kwamba siruhusiwi kuweka faiba?" Nami humrudishia: wapi imeandikwa kwamba unaruhusiwa? Katika Kundi N, yaani la magari ya kiwandani yenye mabadiliko machache, ambalo liko kwenye kifungu cha 254 cha Kiambatisho J, zile kanuni za kiufundi za FIA, shirikisho la magari la dunia, badiliko lolote ambalo kanuni haikulitaja kuwa halali ni haramu. Kanuni ikikaa kimya, jibu ni hapana. Ukiishika hiyo, nusu ya ugomvi wako na wakaguzi umekwisha.

Kwa hiyo wiki ya kwanza usishike spana. Tafuta karatasi tatu: kanuni za taifa za mwaka huu, kanuni za nyongeza za shindano lenyewe, na karatasi ya homologesheni ya gari lako. Hiyo ya tatu ndiyo wengi hawajawahi kuiona kwa macho. Ni kama cheti cha kuzaliwa cha gari: ina picha zake za mbele na nyuma, vipimo vyake, na orodha ya vipuri ambavyo mtengenezaji aliviandikisha. Mkaguzi akisema "hii siyo boneti ya gari hili," hasemi kutoka kichwani, anasema kutoka kwenye ile karatasi. Mwombe mkaguzi mkuu wa klabu yenu nakala. Kisha chukua kalamu ya rangi, upigie mstari kila sentensi inayogusa bodi, vioo, bampa na matairi. Hazizidi kurasa chache. Ukiona daraja jingine la klabu lina uhuru zaidi na gari lako linaingia humo kama lilivyo, fikiria kuhama daraja kabla ya kufikiria kununua kipuri. Hakuna aibu. Utashindana na magari makali zaidi, lakini utashindana.

Tuseme unabaki Kundi N.

Boneti. Hapa huna ujanja, rudisha ya kiwandani. Iliyotumika utaipata Gerezani pale Dar, au ukiwa na mtu Nairobi mtume Grogan, kwenye maduka ya vipuri. Usinunue kwa picha ya simu. WRX nyingi za umbo lile zilitoka kiwandani na boneti ya alumini, kwa hiyo ile mbinu ya sumaku mliyofundishwa ya kutafuta faiba haitakusaidia, maana sumaku haishiki alumini kama isivyoshika faiba. Tumia kifundo cha kidole. Gonga katikati ya boneti, kisha gonga karibu na ukingo. Alumini inalia kengele nyembamba, faiba inatoa sauti ya debe la plastiki lililojaa nusu. Igeuze uangalie chini yake: ya kiwandani ina mbavu zilizobanwa kwa mashine, mistari imenyooka. Ya faiba utaona nyuzi, na mara nyingi alama za brashi ya aliyeipaka.

Ukishaipata, kuna pini. Kifungu cha 253, kile cha vifaa vya usalama, kinataka boneti iwe na vifungio vya ziada visivyopungua viwili, na mlango wa buti vilevile. Vinavyotakiwa ni vile ambavyo kijiti kinapenya kwenye boneti na kufungwa kwa pini, na pini yenyewe imefungwa kwenye boneti isipotee. Hayo unayajua. Ambalo wengi hawalijui ni sentensi ya pili yake: kufuli ya kiwandani lazima iondolewe au iuawe isifanye kazi. Vijana huiacha, wanasema ni usalama juu ya usalama. Hebu fikiria gari limepinduka, moshi unatoka chini ya boneti, mzimamoto amefika na mtungi. Anatoa pini mbili, anavuta, boneti haiji, kwa sababu kuna kufuli ya tatu ambayo waya wake uko ndani, chini ya usukani, nyuma ya mlango uliobonyea. Ndiyo maana mimi kwenye ukaguzi sifungui boneti kwa kutumia waya wa ndani. Natoa pini, nainua kwa vidole viwili. Isipoinuka, nakurudisha.

Sasa fenda. Kanuni inasema hivi: sehemu ya juu ya gurudumu, ile iliyo wima juu ya kitovu chake, lazima ifunikwe na bodi ikipimwa kwenda chini wima. Huhitaji kifaa cha maana. Chukua uzi, funga nati nzito mwishoni, hapo una timazi kama ya fundi mwashi. Simamisha gari mahali tambarare, usukani umenyooka, tairi zina upepo wa mbio. Shika uzi kwenye ukingo wa fenda, juu kabisa ya kitovu cha gurudumu, uache nati ishuke. Uzi ukipita bila kugusa tairi wala rimu, umepita. Uzi ukilalia tairi, hesabu milimita ngapi, uziandike.

Nina hakika yako inalalia. Na nina hakika vilevile kwamba tatizo si fenda. Bodi ile ilitoka kiwandani ikifunika magurudumu yake vizuri kabisa. Aliyekuuzia ameweka rimu za mtaani zenye kina kidogo (ofseti, inayoamua gurudumu likae ndani kiasi gani), au amepachika spesa, vile visahani vya kusogeza gurudumu nje, nyuma ili gari lionekane limetanuka. Ukitoa spesa na kurudi kwenye rimu za inchi 15 zenye kina sahihi, ambazo ndizo za barabara ya vumbi hasa, tairi litarudi ndani bila kugusa hata rangi. Fenda uliyoiongeza kwa bati ni makosa mawili badala ya moja: umbo la bodi umelibadili, na umeweka kipande kilichoshikiliwa na ribiti na fila mahali ambapo mawe yanapiga wakati wote. Steji ya pili (steji ni kipande cha njia kinachoendeshwa kwa kupimwa muda) kitakuwa kinapepea. Kanuni zina huruma moja tu eneo hilo, kwamba ukingo wa chuma wa fenda ukiingia kwa ndani ya nafasi ya gurudumu unaweza kuukunja. Kuukunja, sikusema kuukata.

Madigadi nayaeleza kwa kirefu, kwa sababu wamekuambia "hayakidhi" bila kukueleza, na hapo ndipo watu wengi wanaumia. Mimi mwenyewe nimeumia. Miaka hiyo tulimaliza mbio nafasi ya tatu katika daraja letu, mke wa msoma ramani wangu ameshaandaa pilau, nikanyang'anywa kwa sababu ya kipande kimoja cha nyuma kushoto kilichobaki upana wa kiganja. Kilichanika steji ya mwisho, nikakiona, nikasema ah, tumeshafika. Kanuni zinamtaka mshindani athibitishe kwamba gari lake linafuata masharti muda wote wa shindano, si asubuhi ya ukaguzi tu. Pilau tuliila, lakini kimya kimya.

Kiambatisho J, kifungu cha 252, kinataka mambo haya kwa mbio za rali. Nyenzo iwe plastiki inayopinda, unene usiopungua milimita 4. Ukingo wa chini usiwe juu ya ardhi zaidi ya sentimita 10, gari likiwa limesimama na hakuna mtu ndani. Upana ufunike gurudumu lote, na ukiangalia kutoka nyuma, juu ya madigadi gurudumu lisionekane limebaki wazi. Kisha kuna sharti la kinyume, la kuacha nafasi: nyuma ya magurudumu, ya mbele na ya nyuma, theluthi moja ya upana wa gari ibaki wazi, na kwa yale yanayokaa mbele ya magurudumu ya nyuma, kati ya la kulia na la kushoto pawe na sentimita 20 au zaidi.

Piga hesabu kwa gari lako. Impreza ile ina upana wa milimita 1690. Theluthi yake ni kama sentimita 56. Kwa hiyo ukilala nyuma ya gari na tepu, kati ya madigadi ya kulia na ya kushoto uone zaidi kidogo ya sentimita 56 za hewa. Watu wanaokata mpira wa lori uleule upana wote, kutoka tairi hadi tairi, wanaanguka hapa. Na huo mpira wa lori wenyewe, mbali na kwamba kanuni imesema plastiki, ni mzito. Ukilowa na kushika tope unavuta boliti mpaka tundu linakuwa mdomo. Kata plastiki, ibane kati ya bodi na bamba refu la alumini, boliti nne, washa pana. Usitegemee boliti mbili zilizopenya moja kwa moja. Plastiki huanza kuchanika kwenye tundu la boliti, haianzii katikati.

Sentimita 10 hizo nazo zina mtego. Utazipima gereji, gari safi, springi zimepumzika. Ukishaweka tairi jipya, au ukipandisha shokapu kwa ajili ya mawe, ukingo umepanda nao. Mimi nilikuwa na kijiti cha mbao kilichokatwa sentimita 10 kamili, kinakaa mfuko wa mlango. Kila nilipobadilisha kitu chochote cha chini nilikisimamisha pale nyuma ya tairi. Kijiti kikipita chini ya madigadi bila kugusa, nimezidisha.

Jaribio jingine la kufanya nyumbani, maana siku ya ukaguzi wanaweza kukufanyia: hakuna sehemu ya gari inayoruhusiwa kugusa ardhi tairi zote za upande mmoja zikiwa hazina upepo, na watu wawili mkiwa ndani. Chagua sakafu ya saruji. Mpandishe msoma ramani, kaa kwenye kiti chako, mwambie fundi afungue vali za upande wa kushoto. Gari litalala kama ng'ombe. Akapitishe karatasi ngumu chini yote, kuanzia bampa la mbele hadi nyuma. Kwenye Subaru kinachogusa kwanza mara nyingi ni mdomo wa plastiki chini ya bampa au pembe ya sampu gadi, lile bamba la kukinga injini kwa chini. Afadhali ukijue kwenu kuliko pale mbele ya watu. Kisha upande wa kulia.

Madogo madogo nayapitia haraka. Ndoano ya kuvutia gari, mbele na nyuma, ipakwe njano, nyekundu au rangi ya chungwa, na ionekane bila kuulizwa. Vioo vya pembeni viwili, kila kimoja kisipungue sentimita za mraba 90. Kioo kikivunjika usiweke cha duara cha pikipiki bila kupima, maana duara lenye kipenyo cha sentimita 10 linakupa kama 78 tu, linakwama. Cha sentimita 11 kinapita. Ukifungua tundu la hewa kwenye paa, kifuniko kisiinuke zaidi ya sentimita 10, kikae theluthi ya mbele ya paa, bawaba zikae nyuma, upana wa tundu usizidi milimita 500. Ukanda wa matangazo juu ya kioo cha mbele mwisho sentimita 10, kioo cha nyuma 8. Bampa lililopasuka na kuacha ncha kali lishone au ulibadilishe, hakuna mkaguzi atakayekuacha na kisu mbele ya gari.

Utaona kwenye picha za zamani magari ya Safari Rally yana mabomba ya hewa yaliyopanda hadi paani na vyuma vikubwa vya kukinga mbele. Usinipigie simu kuniuliza kama unaweza kuweka. Mashindano yale yaliyoanza 1953 yalikuwa na masharti yake na barabara zake, na hata siku hizi ambapo Safari imerudi kwenye ubingwa wa dunia tangu 2021, kinachoruhusiwa Naivasha kwa ajili ya lile vumbi laini kama unga wa sembe kimeandikwa kwa ajili ya magari yale. Lako lina karatasi yake.

Umeuliza namna ya kutorudishwa tena, na hilo kwangu ndilo swali zito kuliko boneti. Bodi ya gari la mbio haitulii. Unaitengeneza Jumanne, Jumapili jioni ni bodi nyingine. Kwa hiyo gari liwe na daftari, la karatasi, lenye mafuta ya mikono. Ukurasa mmoja una vipimo ulivyochukua siku gari lilipopita: urefu wa kila kona kutoka ardhini hadi ukingo wa fenda, milimita za timazi kwa magurudumu yote manne, urefu wa madigadi, na uzito kama umepata mizani. Kila baada ya mbio, gari likishaoshwa na tope kutolewa ndani ya fenda (tope lililokauka kule ni kilo nyingi, na linaficha nyufa), unarudia vipimo. Namba ikihama, kuna kitu kimehama. Kona moja ikishuka milimita 15 usikimbilie springi. Funua zulia, utazame pale kichwa cha shokapu kinapokaa, na pale miguu ya roli keji ilipochomelewa. Rangi iliyopasuka kama uzi wa buibui ni chuma kilichoanza kuachia.

Kuna kipimo cha bure ninachokipenda. Weka jeki upande mmoja, inua magurudumu mawili, kisha fungua na kufunga mlango wa upande huo. Mlango uliokuwa ukifunga kwa kidole, sasa ukilazimika kuusukuma kwa nyonga, bodi inapinda kuliko inavyotakiwa. Hiyo haimo kwenye karatasi yoyote ya ukaguzi, lakini nimeona magari yaliyopita ukaguzi vizuri yakakutwa na nyufa mwezi uliofuata, na mlango ulikuwa umeshasema.

Kwenye sevisi paki, pale mnapotengenezea gari kati ya steji, beba drili, ribiti, washa pana, vipande viwili vya madigadi vilivyokwisha kukatwa na kutobolewa, na gundi ya karatasi ile pana ya kijivu. Waya wa kufungia bampa ni wa kukufikisha sevisi, usiwe wa kukufikisha kwenye ukaguzi wa mwisho. Msoma ramani apewe kazi moja kila mnaposimama: azunguke gari, aguse kwa mkono kila pini na kila madigadi. Kwa mkono, maana macho ya mtu aliyetoka steji ya kilomita 20 yanaona anachotaka kuona.

Kuhusu fedha, kwa kuwa umesema mdhamini huna: anza na rimu, halafu boneti, madigadi mwisho, kwa sababu hayo ni kazi ya Jumamosi moja. Rangi iache kabisa. Hakuna mkaguzi aliyewahi kurudisha gari kwa sababu boneti ni nyekundu na gari ni bluu. Wiki ya tano piga picha za pembe zote, nati ya timazi ikionekana, umpelekee mkaguzi mkuu kwa simu, umwulize kwa adabu kama kuna analoliona. Wengi wetu hujibu. Tunapenda kusema hapana Jumatano kuliko kuisema Ijumaa jioni foleni ikiwa imefika barabarani.

Na ile bati aliyokwisha kuikata fundi wako, asiitupe. Akunje kingo zake zisikate mtu, aitoboe matundu manne manne, na mpaka utakapopata alumini itafaa kubania madigadi.